Boti Iliyotumika: Tuikague Kabla ya Kulipa

Katika vijiji vingi vya kandokando ya Ziwa Viktoria, na visiwani pia, vikundi vya wavuvi na wachukuzi vinaweka akiba ili vinunue boti ya mashine. Boti mpya na mashine mpya ni ghali. Kwa hiyo wengi hununua boti iliyokwisha kutumika. Si vibaya kufanya hivyo. Boti iliyotunzwa vizuri huweza kumtumikia mwenyewe wa pili kwa miaka mingi. Lakini boti mbovu iliyopakwa rangi mpya huweza kumaliza akiba ya kikundi kwa msimu mmoja. Tena huweza kuzama na watu.

Kinachowapoteza wanunuzi wengi ni mbio. Muuzaji huwasha mashine asubuhi, ziwa likiwa shwari kama maji ya karai. Boti ni tupu, ina watu wawili tu. Inakwenda kama mshale. Wanunuzi wanapiga makofi, wanatoa fedha. Kumbe kazi yenyewe ya boti ile itakuwa kubeba watu, nyavu, barafu na samaki, usiku, upepo ukivuma! Mbio za maji shwari hazituambii boti itakuwaje siku ya mawimbi.

Katika somo hili tutajifunza kukagua boti kwa utaratibu. Kwanza tutalitazama ziwa lenyewe. Kisha mwili wa boti, kisha mashine, kisha majaribio, na mwisho maandishi. Rangi hatutaihesabu, kwa sababu rangi haizuii mawimbi.

1. TULIJUE ZIWA

Ziwa Viktoria ndilo ziwa kubwa kuliko yote katika Afrika. Ukubwa wake ni karibu kilomita za mraba 68,800. Nchi tatu zinaligawana: Tanzania, Uganda na Kenya. Kina chake si kirefu sana. Kwa wastani ni mita 40, na pale penye kina zaidi ni karibu mita 80. Tukilinganisha, Ziwa Tanganyika lina kina kinachozidi mita 1,400.

Kwa nini dhoruba nyingi za ziwani huja usiku na alfajiri? Mchana, nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu. Usiku, nchi kavu hupoa upesi, na upepo hugeuka. Sasa hutoka nchi kavu, pande zote, kwenda ziwani. Pepo hizo hukutana juu ya ziwa. Hewa yenye unyevu hupanda juu, na mawingu ya radi hujengeka. Ndizo saa ambazo wavuvi wa dagaa na wa sangara wako kazini.

Mawimbi ya ziwani ni mafupi, yamesimama, na yanafuatana upesi. Boti haijamaliza kushuka wimbi moja, jingine limefika. Kwa hiyo boti tunayoitafuta ni ile inayoweza kupanda na kushuka upesi bila kunywa maji na bila kupasuka.

2. MWILI WA BOTI

Wahenga walisema: usione vyaelea, vimeundwa. Basi tuanze na jinsi ilivyoundwa.

Tumbo la boti. Tuiname, tutazame chini. Yako matumbo bapa kama sinia. Boti ya namna hiyo hukaa vizuri kwenye maji shwari, hubeba mzigo mwingi, na haihitaji mashine kubwa. Lakini ikienda mbio kwenye mawimbi, inapiga maji kwa kishindo. Pu! Pu! Pu! Misumari inalegea, mbao zinaachana, na migongo ya watu inaumia. Yako pia matumbo yenye umbo la herufi V. Hayo hukata wimbi kama jembe linavyokata udongo.

Mwaka 1960 huko Marekani yalifanyika mashindano ya boti za mashine kutoka Miami hadi Nassau. Siku hiyo bahari ilikuwa imechafuka. Boti moja iliyoitwa Moppie, yenye umbo lililobuniwa na Raymond Hunt, iliwashinda wengine. Tumbo lake lilikuwa V kali kuanzia mbele mpaka nyuma kabisa. Tangu hapo boti nyingi za mbio zimeundwa kwa kufuata umbo hilo.

Je, na sisi tutafute V kali namna hiyo? Tufikiri kwanza. V kali inataka mashine kubwa na petroli nyingi. Tena ikisimama inayumba huku na huku. Mtu anayevuta nyavu ubavuni hatapenda kuyumba huko. Kwa boti ya kazi, umbo lifaalo ni V kali upande wa mbele, yaani kwenye omo, ambayo inapungua polepole mpaka nyuma. Mbele hukata wimbi, nyuma hutulia.

Ubavu na omo. Omo iwe juu kuliko sehemu nyingine za boti, ili wimbi lisiingie kwa mbele. Mbavu ziwe na kimo cha kutosha hata boti ikiwa na mzigo.

Nyuma, yaani tezi. Hapa wengi hawatazami, na hapa ndipo maji mengi huingilia. Ubao wa tezi hukatwa chini kidogo ili mashine ifungwe. Upepo ukitoka nyuma, wimbi huifuata boti na kuingia kupitia pengo hilo. Boti ikijaa maji nyuma, mashine huzimika, na boti hugeuka ubavu kwa mawimbi. Basi pengo lisiwe la chini mno. Pakiwa na ukuta mdogo ndani, mbele ya mashine, wa kuyazuia maji, ni bora zaidi.

Kama boti ni ya mbao, tufanye hivi:
(a) Tuchukue kisu chenye ncha. Tuchome polepole kwenye mkuku, kwenye tezi, na pale mataruma yanapokutana na mbao za chini. Kisu kikizama kama kwenye kiazi kilichopikwa, mbao imeoza.
(b) Tutazame vichwa vya misumari. Msumari ukilia machozi mekundu, kutu imeula. Siku ya mawimbi hautashika.
(c) Tutazame viraka vya bati. Kiraka kimoja si neno. Viraka vingi mahali pamoja vinaficha ubao uliooza.
(d) Tutazame kalafati. Pamba ya kalafati ikitoka kwa kidole, kazi ni ya kurudiwa yote.

Kama boti ni ya faiba, tufanye hivi:
(a) Tugonge mwili mzima kwa mpini wa nyundo, shubiri kwa shubiri. Sauti kavu, kali, ni njema. Sauti nzito, kama ya kugonga boga bovu, maana yake matabaka yameachana au mbao ya ndani imeoza.
(b) Tushike mashine kwa mikono miwili, tuivute na kuisukuma. Mtu mwingine atazame tezi. Tezi ikicheza, ubao uliofichwa ndani yake umeoza. Ukarabati wake ni mkubwa.
(c) Tutafute nyufa zilizotawanyika kama nyota. Hizo ni alama za kugonga jiwe au gati.
(d) Tuulize kama ina vyumba vilivyozibwa au povu gumu la kuielesha. Mbao huelea yenyewe, ingawa uzito wa mashine huivuta chini. Faiba isiyo na vitu hivyo ikijaa maji inazama kama sufuria.

Boti nyingi za faiba zilizotoka kiwandani zina bamba dogo karibu na usukani au tezi. Bamba hilo linataja idadi ya watu, uzito, na nguvu ya mashine isiyotakiwa kuzidishwa. Tulisome. Ndiyo faida ya kujua kusoma. Kama bamba linataja hospawa 25, muuzaji akafunga mashine ya 40, hajatuongezea mali. Ametuongezea hatari. Mashine ya hospawa 40 ina uzito wa kilo 70 hivi. Ni sawa na mtu mzima aliyekaa tezini usiku na mchana, hashuki.

3. MASHINE

Kanuni ya kwanza: tuikute mashine ikiwa baridi. Mashine mbovu huwa ngumu kuwaka ikiwa baridi. Muuzaji mjanja huiwasha kabla hatujafika. Tusikilize mazungumzo haya:

– Karibuni wazee wangu. Mashine hii ni moto wa kuotea mbali!
– Ahsante, ndugu yetu. Mbona ina joto, na sisi ndiyo kwanza tunafika?
– Aa, niliipasha kidogo tu, nisiwacheleweshe.
– Si neno. Tutakaa hapa kivulini mpaka ipoe. Halafu kamba tutaivuta sisi wenyewe.

Wanunuzi hao hawakugombana na mtu. Wamekaa tu kivulini. Na sisi tufanye hivyo, kisha tuangalie mambo haya:

Kamba. Tukiivuta polepole, tusikie mashine inakaza, inaachia, inakaza tena. Ikija laini tu kama kuvuta uzi, nguvu ya ndani imekwisha.

Plagi. Tuzifungue zote. Rangi ya kahawia hafifu ni njema. Nyeusi yenye mafuta inaonyesha oili kuzidi au moto dhaifu. Nyeupe inaonyesha mashine imepata joto kupita kiasi. Plagi moja ikiwa kahawia na nyingine nyeusi, tumuite fundi kabla ya kuendelea.

Oili ya gia. Chini, karibu na propela, kuna skrubu. Tuifungue kidogo. Oili safi ni njema. Oili nyeupe kama chai ya maziwa maana yake maji yameingia.

Uzi wa maji. Mashine ikiwaka hutoa uzi wa maji kwa nyuma. Hayo ni maji yanayoipoza. Yakitoka kwa nguvu, pampu ni nzima. Yakidondoka tu, pampu imechoka au njia imeziba kwa mchanga. Tahadhari: mashine isiwashwe nchi kavu bila maji. Pampu yake ina mpira, na mpira huo huungua upesi. Tuitumbukize kwenye pipa la maji.

Propela. Mapanga yake yasiwe yamepinda wala kumeguka. Tuizungushe kwa mkono. Isiyumbe.

Urefu wa mguu. Mashine nyingi za boti ndogo huwa na mguu mfupi, wa sentimita 38 hivi, au mrefu, wa sentimita 51 hivi. Mguu ulingane na kimo cha tezi. Juu ya propela kuna kibati bapa kilicholala. Kibati hicho kiwe usawa wa tumbo la boti au chini kidogo. Mguu mfupi kwenye tezi ndefu ukifika kwenye mawimbi, propela inatoka nje, inazunguka hewani, mashine inapiga kelele, na boti haiendi. Kwenye maji shwari kasoro hii haionekani. Ndiyo sababu tunasema kila mara: maji shwari hayatoshi.

Kamba ya kuzimia. Ni kamba fupi ya kufunga mkononi mwa dereva. Dereva akirushwa na wimbi, kamba inachomoka na mashine inazima. Bila kamba hiyo boti huendelea kwenda peke yake, au huzunguka na kuwakata watu walioko majini.

4. MAJARIBIO

Tusijaribu boti tupu. Tupakie viroba vya mchanga vyenye uzito wa mzigo wetu wa kila siku. Kila mtu avae jaketi okozi. Boti ya pili iwe karibu, na tusiende mbali na mwalo. Tuchague saa za mchana zenye upepo wa kiasi. Tusichague siku ya dhoruba.

Kama boti ya mbao ilikuwa juu ya mchanga muda mrefu, mbao zake zimekauka. Siku ya kwanza itavuja hata kama ni nzima. Ilale majini usiku mmoja ili mbao zivimbe. Asubuhi tuyachote maji yote, tungoje saa moja, halafu tuhesabu mabakuli ya maji yaliyoingia.

Kabla ya kuondoka, tutazame pengo la tezi. Kama, baada ya kupakia mzigo, imebaki shubiri moja tu kutoka kwenye maji shwari, boti hiyo si ya mzigo huo. Tupunguze mzigo au tutafute boti nyingine. Tusisahau ajali ya MV Bukoba ya tarehe 21 Mei 1996, wala ya kivuko cha MV Nyerere ya tarehe 20 Septemba 2018, karibu na kisiwa cha Ukara, ambamo zaidi ya watu 200 walikufa. Kivuko hicho kilikuwa na watu wengi kupita kiasi chake. Vyombo hivyo ni vikubwa kuliko boti yetu, lakini kanuni ya mzigo ni ile ile.

Tukiwa majini:
- Twende tukielekea mawimbi. Je, omo inapanda, au inachimba?
- Twende mawimbi yakiwa ubavuni. Je, boti inalala na kuinuka upesi, au inakawia kuinuka?
- Twende mawimbi yakiwa nyuma yetu. Je, tezi inakunywa maji?
- Tuzime mashine dakika chache. Boti isiyo na mashine itafanya nini? Siku moja mashine itazimika kweli.
- Tuiwashe tena ikiwa moto. Mashine nyingine huwaka baridi tu.
- Tuendeshe nusu saa nzima, halafu tuangalie maji yaliyo ndani.

Kwanza aendeshe muuzaji, kisha aendeshe dereva wetu.

5. HESABU YA PETROLI

Mashine kubwa si furaha ya mbio tu. Inakunywa. Mashine ya kuchanganya oili na petroli, ikiendeshwa kwa nguvu zote, hutumia karibu nusu lita kwa kila hospawa moja kwa saa.

Hospawa 15: 15 x ½ = lita 7½ kwa saa.
Hospawa 40: 40 x ½ = lita 20 kwa saa.

Tuseme mahali pa kuvulia ni mwendo wa saa moja kwenda na saa moja kurudi kwa mashine ya 15. Petroli ya safari ni lita 15. Lakini tusibebe 15. Kanuni ya watu wa majini ni mafungu matatu: fungu la kwenda, fungu la kurudi, na fungu la dharura. Kwa hiyo: 7½ + 7½ + 7½ = lita 22½. Upepo wa mbele huweza kuigeuza saa moja kuwa mbili. Fungu la tatu ndilo litakaloturudisha nyumbani.

Oili je? Mashine nyingi za namna hii hutaka lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli. Basi lita 25 za petroli zitachanganywa na nusu lita ya oili. Nyingine, hasa za zamani, hutaka oili zaidi. Tusome kitabu cha mashine au maandishi yaliyo juu yake.

Tusitumie akiba yote kununua boti. Fungu moja libaki kwa ajili ya majaketi okozi, nanga, makasia, plagi za akiba na ukarabati wa mwanzo.

6. MAANDISHI

Mashine za boti huibwa mara kwa mara ziwani. Anayenunua mali ya wizi huweza kunyang'anywa mashine, kupoteza fedha, na kufikishwa mahakamani. Kwa hiyo tutafute namba ya mashine. Imeandikwa kwenye bamba dogo sehemu inayofungwa kwenye tezi. Kama bamba limeng'olewa au namba imekwanguliwa, tuage, tuondoke, hata bei ikiwa ya bure.

Namba ikiwepo, tuinakili. Twende kwa kikundi cha BMU cha mwalo ilikotoka boti, na kwenye kituo cha polisi, tuulize. Tuulize pia leseni ya uvuvi kwenye halmashauri, na habari za ukaguzi wa chombo kwa TASAC, yaani Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania. Halafu tuandike hati kama hii:

HATI YA MAUZIANO
Leo tarehe …………… mimi …………… wa kijiji cha …………… nimekiuzia kikundi cha …………… boti moja ya (mbao/faiba), urefu mita ……, namba ya usajili ……………, pamoja na mashine moja ya aina ya ……………, hospawa ……, namba ya mashine ……………
Bei: Sh. …………… (kwa maneno: ……………………)
Zimelipwa leo: Sh. …………… Zimebaki: Sh. …………… zitalipwa tarehe ……………
Saini ya muuzaji …………… Saini ya wanunuzi ……………
Mashahidi: 1 …………… 2 ……………
Mhuri wa ofisi ya kijiji ……………

Hati iandikwe nakala mbili. Kila upande ukae na moja. Asiyejua kuandika asomewe yote kwa sauti kabla ya kuweka dole gumba. Bei iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, kwa sababu sifuri moja ni rahisi kuongezwa, lakini neno si rahisi.

Ndugu wasomaji, tukikagua hivi tutachukua siku mbili au tatu. Muuzaji atasema wateja wengine wanangoja. Wangoje. Fedha za kikundi zimekusanywa kwa miaka, na watakaopanda boti hiyo ni waume zetu, wake zetu na vijana wetu.

MANENO YA KUKUMBUKA
Omo: sehemu ya mbele ya chombo.
Tezi: sehemu ya nyuma ya chombo.
Mkuku: gogo la chini linaloshika urefu wote wa chombo.
Mataruma: mbao zilizopinda za ndani zinazoshikilia mbavu.
Kalafati: pamba na mafuta ya kuziba nafasi kati ya mbao.
Mwalo: mahali pa kuegesha mitumbwi na boti na kushushia samaki.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI
1. Kwa nini dhoruba nyingi za ziwani huja usiku?
2. Kikundi kina boti mbili za kuchagua. Ya kwanza ina mashine ya hospawa 40 na pengo la tezi la chini. Ya pili ina mashine ya 15 na tezi iliyo juu. Bei ni sawa. Mtachagua ipi kwa kazi yenu, na kwa nini?
3. Mashine ya hospawa 25 itatumia lita ngapi kwa saa moja kwa nguvu zote? Safari ya saa moja kwenda na saa moja kurudi itahitaji lita ngapi, pamoja na fungu la dharura?
4. Nakilini hati ya mauziano katika daftari zenu. Jazeni nafasi kwa mfano wa boti moja ya mwalo wenu, kisha someaneni.